Paundi 40 kwa kila kichwa: waliomlea Jonathan Wild

Kila nisomapo habari za Jonathan Wild, bosi wa wezi wa London mwanzoni mwa karne ya 18 aliyejifanya mkamata wezi, hasira zangu hazimwishii yeye. Zinawafikia pia waungwana wa London waliompigia hodi, na serikali iliyomlipa.

Wild alizaliwa Wolverhampton, akajifunza kutengeneza bizimu, kisha akahamia London na kufungwa jela kwa madeni. Alipotoka, mwaka 1712, wezi alikuwa akiwajua vizuri. Mji ule mkubwa haukuwa na jeshi la polisi. Ukiibiwa, ulimtafuta mwizi mwenyewe na kumshtaki mwenyewe. Mwalimu wake wa kazi alikuwa Charles Hitchen, ofisa wa jiji aliyekinunua cheo chake na kukitumia kuwakamua wezi. Mwanafunzi akampita mwalimu.

Mpango wake ulikuwa hivi. Vijana wake wanaiba saa, daftari la hesabu au kisanduku cha vito. Mwenye mali anakwenda ofisini kwa Wild, karibu na mahakama ya Old Bailey, anaeleza kilichopotea. Wild anaahidi kuulizia. Siku chache baadaye mali imepatikana, naye anapewa shukrani yake. Yeye mwenyewe mali haigusi, kwa hiyo kumtia hatiani ni kazi ngumu. Alitembea na fimbo yenye kichwa cha fedha na kujiita Mkuu wa Wakamata Wezi wa Great Britain na Ireland.

Naye kweli alikamata! Hapo ndipo roho inaponiuma. Serikali ilitoa paundi 40 kwa kila mnyang'anyi wa barabarani aliyetiwa hatiani, fedha ambayo kibarua hakuipata kwa mwaka mzima. Kijana aliyemgomea Wild, au aliyedai fungu kubwa zaidi, alijikuta kizimbani, bosi wake akiwa shahidi wa mashtaka. Kamba ikawa ndiyo nidhamu ya genge, na hazina ya mfalme ndiyo iliyoigharimia. Mwaka 1720 wakubwa wa serikali walimwita wamuulize uhalifu upunguzwe vipi. Akashauri zawadi ipandishwe. Zikaongezwa paundi 100 juu ya zile 40. Fisi alikabidhiwa bucha, akaulizwa na bei ya nyama.

Wasomaji wengi watasema watu hawakujua. Mimi sikubali. Mwaka 1718 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kubwa kupokea malipo kwa kurudisha mali ya wizi bila kumfikisha mwizi mahakamani, na watu waliiita sheria ya Jonathan Wild. Wateja hawakuacha kuja. Walitaka saa zao, na nani angenyongwa baadaye halikuwahusu.

Kilichowageuza watu ni Jack Sheppard, fundi seremala kijana aliyetoroka jela mara nne mwaka 1724. Wild alimwandama mpaka akakamatwa, akanyongwa mwezi Novemba. Mwenzake Sheppard, Joseph Blake, aliyekulia mikononi mwa Wild, alimrukia pale Old Bailey akamkata koo kwa kisu kidogo. Wild akapona, lakini mji ukawa upande wa aliyeshika kisu.

Mwezi Mei 1725 Wild alishtakiwa kwa kuiba lesi dukani kwa mwanamke mmoja. Kwa wizi wenyewe aliachiwa. Kilichomtia hatiani ni gini 10, sarafu za dhahabu, alizopokea kwa kuirudisha, tena akiwa ndani ya jela ya Newgate. Kabla ya kesi aligawa orodha ya watu zaidi ya 60 aliowakamata, kama hati ya utumishi mwema. Tarehe 24 Mei alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, umati ukimrushia mawe.

Zile paundi 40 hazikuguswa. Mwaka 1754 kundi la wakamata wezi la Stephen Macdaniel lilimsingizia kijana Joshua Kidden unyang'anyi ambao haukutokea kabisa, akanyongwa, wao wakachukua zawadi. Bunge lilizifuta zawadi hizo mwaka 1818, miaka 93 baada ya kumnyonga Wild.