Visukuku vya kaa: faraja au onyo kwa Unguja na Pemba?

Kila mjadala wa hatima ya kaa wa nazi, yule mkubwa wa nchi kavu, unapozuka hapa kwetu, iwe kwenye kikao cha uhifadhi Pemba au barazani Mjini, hoja moja haikosi kutolewa: kaa ni viumbe wa kale mno, wamepita kwenye maangamizi makubwa kuliko haya yetu, kwa hiyo watabaki tu. Anayeitoa si mjinga. Ameshasikia kwamba kimondo kilichoipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita kiliwamaliza dinosaria na kaa wakabaki. Wa upande wa pili humjibu kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinaonesha kaa wakipungua vibaya pale miamba ya matumbawe ilipokufa. Kila upande unashika visukuku na kutoka na jibu lake. Mimi naona wenye onyo wana haki zaidi, ingawa ushahidi wao una mapengo ambayo wengi wao hawapendi kuyataja.

Tuanze na wanaofarijika, maana hoja yao ina msingi. Kaa wa kweli, yaani wale wenye mkia mfupi uliokunjwa chini ya kifua, leo ni zaidi ya spishi 7,000. Wamo kwenye giza la bahari kuu, wamo kwenye mikoko ya Chwaka, na wamo hata milimani: Usambara kuna kaa anayeitwa kitaalamu Potamonautes raybouldi, makazi yake ni maji yanayotuama ndani ya matundu ya miti msituni. Uchunguzi wa vinasaba uliolinganishwa na visukuku unakadiria kwamba kaa waliiacha bahari na kuhamia maji baridi au nchi kavu si chini ya mara 7, na pengine hata mara 17. Ukoo wao nao ni mkongwe. Kisukuku cha Eocarcinus praecursor, kilichoelezwa mwaka 1932 kutoka kwenye mawe ya Uingereza, kina umri wa takriban miaka milioni 190. Wataalamu wamevutana juu yake: uchambuzi wa mwaka 2010 ulimtoa kwenye ukoo wa kaa, wa mwaka 2020 ukamrudisha kwenye shina lake. Vinasaba vinausogeza mwanzo wa ukoo nyuma zaidi, hadi kipindi cha Triasi, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Na ni kweli kwamba mwishoni mwa kipindi cha Kretasi, dinosaria walipomalizika, familia nyingi za kaa zilivuka. Nenda kwenye machimbo ya chokaa ya Faxe, Denmark. Jiwe lake ni mwamba wa matumbawe ulioota miaka milioni chache tu baada ya balaa lile, na ndani yake kaa ni wengi.

Lakini kilichovuka ni kundi. Spishi nyingi zilikwisha njiani, nyingine zamani hata kabla ya balaa hilo. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Javier Luque walimtangaza Callichimaera perplexa kutoka Colombia, kaa mdogo wa miaka milioni 90 hadi 95 iliyopita. Macho yake yalikuwa makubwa kupita kiasi kwa mwili wake, na miguu yake bapa ilikuwa ya kuogelea. Ukimtafuta leo baharini humpati, wala kaa yeyote mwenye sura ile. Kulikuwa pia na wanyama waitwao Cyclida, wenye gamba la mviringo na umbo la kikaakaa, waliotangulia kaa wa kweli kwa muda mrefu sana. Hao walitoweka wote kufikia mwisho wa Kretasi. Kufanana na kaa hakukuwasaidia.

Siku hizi imezuka na hoja nyingine, tamu masikioni: kwamba asili hutengeneza kaa tena na tena, kwa hiyo wakipotea hawa watakuja wengine. Msingi wake ni wa kweli. Mwaka 1916 mtaalamu wa Uingereza, L. A. Borradaile, alieleza jinsi jamaa wa duvi, yule anayejisitiri ndani ya kombe la konokono, wanavyoweza kubadilika vizazi kwa vizazi hadi wakapata umbo la kaa, na leo inakubalika kwamba jambo hilo limetokea si chini ya mara tano. Ila muda unaozungumzwa hapo ni mamilioni ya miaka. Mvuvi wa Kojani, Pemba, hawezi kuambiwa asubiri kiasi hicho, na sioni kwa nini hoja hii iletwe kabisa kwenye kikao kinachojadili kaa wa mwaka huu.

Sasa upande wa onyo. Mwaka 2013 Adiël Klompmaker na wenzake walichapisha uchambuzi wa kamba na kaa wa zama za dinosaria. Walichokiona ni kwamba mwishoni mwa kipindi cha Jurasi, matumbawe yalipostawi, aina za kaa ziliongezeka kwa kasi kubwa. Miamba ilipoporomoka kuingia Kretasi, kiasi cha miaka milioni 145 iliyopita, kaa nao walipungua. Hapakuwa na kimondo wala moto wa dunia nzima katika habari hii. Nyumba ilibomoka na wapangaji wakapotea. Kwa watu wanaoishi juu ya mwamba wa matumbawe na kuvua pembeni yake, ambao wameona matumbawe yakipauka kwa joto la bahari mwaka 1998 na tena 2016, habari hiyo inatugusa moja kwa moja.

Pingamizi lipo, na ni zito. Huenda mawe ya miamba ya Jurasi yamejitokeza juu ya ardhi kwa wingi zaidi na kuchimbwa zaidi kuliko yale ya mwanzo wa Kretasi. Panapochimbwa sana hupatikana kaa wengi, na pasipochimbwa huonekana kana kwamba kaa walitoweka. Anayepuuza pingamizi hili hasemi ukweli wote. Jibu bora nililolipata limetoka kwenye machimbo yaliyoachwa ya Koskobilo, kaskazini mwa Uhispania, yenye umri wa takriban miaka milioni 100. Pale unaweza kulinganisha sehemu mbalimbali za machimbo hayohayo, na kaa wa aina nyingi wako kwenye sehemu iliyokuwa mwamba wa matumbawe. Hilo halithibitishi kila kitu kuhusu Jurasi, lakini linatosha kunifanya niamini kwamba uhusiano wa kaa na matumbawe haukuzuka kwa sababu ya namna watu walivyochimba.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye mwili wa kaa mwenyewe. Chukua gamba alilojivua kaa wa mikoko. Limepasuka kwa nyuma, pale alipotokea, na ndani ni tupu hadi kwenye vifuniko vya macho na ncha za miguu. Ukilibana kwa vidole viwili linavunjika. Magando tu ndiyo yanayokataa, hasa vile vidole vyake vigumu vyenye meno ya kuvunjia kombe. Likilala kwenye mawimbi, baada ya muda mfupi hubaki vidole hivyo peke yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya visukuku vya kaa duniani ni vipande vya magando. Isitoshe, kaa mmoja hujivua mara nyingi maishani mwake, kwa hiyo magamba kadhaa kwenye jiwe yanaweza kuwa ya mnyama mmoja. Kumbukumbu ya mawe huficha wengi na hapohapo huwazidisha wengine.

Tena huwaficha zaidi walewale wanaotegemea matumbawe kuliko wote. Kuna kaa wadogo wa jenasi ya Trapezia wanaoishi katikati ya matawi ya tumbawe hai, wanakula ute wake, na kiti cha pweza mwenye miiba mirefu akija kulila tumbawe, wao humbana miguu mpaka aondoke. Tumbawe likifa hawana pa kukaa, na wepesi wao unawafanya wasibaki kwenye jiwe kirahisi. Wapo pia kaa wa familia ya Cryptochiridae, ambao hukaa kwenye kishimo ndani ya tumbawe lenyewe. Mwili wao ni nadra mno kuhifadhiwa, lakini kishimo hubaki. Kwenye mawe ya Florida na Cuba watafiti wametambua vishimo hivyo kwa umbo lake la mwezi mwandamo, vikiwa kwenye matumbawe ya kale, baadhi yake ya zama za Plaistosini. Sehemu ya jiwe la matumbawe la kwetu, lile la maweni, ni la zama hizohizo: la miaka takriban 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Kila tofali la jiwe linalokatwa lina uso wa matumbawe wa kuangaliwa.

Turudi kwa kaa wa nazi, kwa sababu yeye ndiye anayebishaniwa hapa. Huyu si kaa wa kweli. Ni jamaa wa duvi, ila amekua hadi akaacha kombe na anaweza kufika kilo 4. Kwa hiyo hoja ya kwamba "kaa walivuka Kretasi" inazungumzia ukoo mwingine. Anakaa kwenye visiwa vya mawe kama Chumbe na Misali, mahali ambapo hakuna tope la kumfukia akifa, na watoto wake huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu. Hukua polepole mno. Utafiti uliofanywa kwenye maeneo 15 ya visiwa vya pwani ya Tanzania ulionesha kwamba Pemba ni kimbilio muhimu la kaa hawa, lakini makundi yao yametawanyika na yanavunwa na wavuvi na watoto. Mbali na watu, walikuwa wengi zaidi. Dinosaria hawaingii kwenye suala hili. Panga na chambo vinaingia.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi mawe hayana la kutuambia kuhusu visiwa hivi. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, lilitoa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama waliokuwapo Unguja wakati bahari ilipokuwa chini na kisiwa kimeungana na bara, na dalili za watu waliofika humo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Bila mifupa ile tungedhani Unguja imekuwa hivi siku zote. Pemba ina historia yake peke yake, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kirefu na haukukauka wakati ule. Orodha ya kaa waliokuwapo kwenye miamba yetu kabla mtu hajashusha dema ingetupa kipimo halisi cha tulichopoteza. Leo kila kizazi kinapima kwa kile kilichokikuta.

Hapo ndipo machimbo yanapoingia, na hapo wahifadhi wenzangu hunikasirikia. Wapo wanaotaka uchimbaji wa mawe maweni upigwe marufuku kwa ajili ya visukuku. Mimi sitaki. Watu wanajenga, akinamama wanavunja kokoto kusomesha watoto, na jiwe ambalo halijakatwa halimwoneshi mtu chochote. Faxe ni machimbo. Koskobilo ni machimbo. Ernstbrunn ya Austria, iliyotoa kaa wengi wa Jurasi, ni machimbo. Kinachokosekana kwetu ni jicho la kuangalia jiwe kabla halijawa kokoto au kuingia tanuu la chokaa.

Denmark walitunga sheria iliyoanza mwaka 1990: anayeokota kisukuku cha thamani ya pekee kisayansi hukikabidhi kwa serikali na hulipwa. Namna hiyo mchimbaji anakuwa na sababu ya kusimamisha nyundo. Kwetu ingeweza kuanza kwa udogo: picha za kidole cha gando na za kishimo cha mwezi mwandamo zibandikwe kwenye machimbo, skuli za jirani zifundishwe kuvitambua, na kianzishwe kijifungu cha malipo ndani ya kanuni za maliasili zisizorejesheka. Na vitu vikae hapahapa. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, ilichukuliwa kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo iko Berlin, na ripoti ya visukuku vya Unguja na Pemba ya mwaka 1927, iliyotokana hasa na makusanyo ya G. M. Stockley, iliandikwa na wataalamu wa Uingereza. Safari hii sampuli zinaweza kuanzia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zikawa mikononi mwa wanafunzi wanaolijua jina la kila kaa anayeletwa sokoni Darajani.

Swali gumu ni nani alipe. Wengine wanasema hoteli, wengine wanasema Serikali kutoka kwenye ada ya machimbo. Mimi naona ada ya machimbo ndiyo sawa, kwa sharti kwamba sehemu yake iende pia kuhesabu kaa wa nazi Misali na Chumbe kila mwaka, kwa sababu kwa mnyama yule hesabu ya walio hai ndiyo kumbukumbu pekee tunayoweza kuitegemea.