Ya Leo au ya Kesho?

Jumamosi ya wiki iliyopita nimegombezwa kwa sababu ya parachichi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nimesimama kwenye duka la mboga karibu na ninapoishi hapa Kraków, nikalishika parachichi na kulibonyeza kidogo pale kwenye kikonyo, kama alivyonifundisha mama. Muuzaji akaniona. Akaelekeza kidole kwenye kibao kinachosema bidhaa haziguswi, kisha akaongeza ya kwake ambayo, pamoja na Kipolandi changu cha kuungaunga, niliyaelewa yote.

Kilichoniuma zaidi ni stika. Kabla sijalirudisha nililigeuza, nikaona pameandikwa Tanzania. Yaani nimekaripiwa kwa kumgusa mtu wa nyumbani.

Nikalinunua kwa hasira. Zloti sita, karibu elfu nne ya kwetu, parachichi moja dogo la ile aina ya Hass, gumu kama jiwe la kusagia. Nikaliweka juu ya friji. Jumatatu gumu. Jumatano gumu. Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kazini nikalibonyeza, bado. Ijumaa jioni nikalikata: ndani jeusi, lina nyuzinyuzi, limeoza bila kuiva. Kama liliwahi kuiva, basi ilikuwa saa nane mchana nikiwa kazini.

Sasa watu wa Arusha mmeshajua ninakoelekea. Sokoni Tengeru, Jumatano au Jumamosi, ukichuchumaa mbele ya mama wa maparachichi huna haja ya kubonyeza kitu. Mkishasalimiana, neno linalofuata ni lake: "Ya leo au ya kesho?" Ukimwambia mawili ya leo na matatu ya Jumapili, kuna wageni, mkono wake unapita juu ya lile fungu kama wa mtu anayechagua shanga. Hayabonyezi. Anayagusa tu kwa kiganja, moja analitikisa sikioni asikie kokwa, ya Jumapili anayafunga kwenye gazeti peke yake. Na Jumapili ukikata, kisu kinapita kama kwenye siagi. Kwa miaka yote niliyonunua kwake alikosea mara moja tu, na siku ya soko iliyofuata akanipa jingine bila kuombwa, huku akinilaumu mimi kwamba nililiweka karibu na jiko. Ni kweli nililiweka karibu na jiko.

Basi, ninalotaka kusema leo ni hilo tu. Sizungumzii bei, na hata ladha siigusi, maana ladha ni ugomvi usioisha. Nina miaka tisa huku na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza chakula changu nitakila lini.

Nawasikia tayari. "Ameenda Ulaya, anaona theluji, ana bima ya afya, anakaa kulilia parachichi." Kuna na yule ambaye hakosi: "Si urudi?" Ndugu yangu, nauli unayo? Sijasema huku kubaya. Umeme hapa sijui ulikatika lini mara ya mwisho, na basi linafika dakika iliyoandikwa kituoni. Mimi nazungumzia parachichi. Mtu akisema kiatu kinambana, hajasema hataki kuvaa viatu.

Na sisemi Wapolandi hawajui kula kwa msimu. Wanajua, tena wanatuzidi kwa kusubiri. Juni ikifika, jiji zima linapigwa na wazimu wa stroberi. Nenda Stary Kleparz, soko la zamani hapa katikati ya mji, utakuta watu wamebeba masanduku ya stroberi kifuani kama wanabeba vifaranga. Wanazila kwa krimu, wanazichemsha jemu ya mwaka mzima, na wanazila na tambi, nakuapia, tambi na stroberi, hicho ni chakula cha mchana na watoto wanashangilia. Baadaye huja matunda madogo ya bluu ya msituni, bibi kizee anayauza barabarani kwenye machupa ya jemu yaliyotumika, kakaa kwenye kreti iliyopinduliwa, kitambaa kichwani. Mara ya kwanza nilipomwona yule bibi nilisimama. Ukimvika kitenge na kumweka Sanawari, hakuna atakayegeuka kumtazama.

Aidha, hawa si wageni kwetu. Wapolandi kama elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru kuanzia 1942 kama wakimbizi wa vita, baada ya kupitia Urusi na Uajemi, na makaburi yao yapo pale mpaka leo. Kuna mzee mmoja kwenye basi, nilipomtajia ninakotoka, alilitamka jina la Tengeru vizuri kuliko baadhi ya ndugu zangu wa Dar.

Lakini kwa yule bibi wa kwenye kreti, stroberi ni stroberi. Imeiva, ile leo, basi. Ukitaka tunda la kuiva polepole unarudi kwenye matunda yanayoletwa kwa meli. Parachichi haliivi likiwa mtini. Likishachumwa ndipo linaanza kuhesabu siku zake. Mama wa Tengeru anajua hesabu ilianza lini kwa sababu amelichuma jana mwenyewe, au kalinunua kwa jirani huko Akheri au Poli na mti anaujua, mpaka tabia zake. Hili la stika limechumwa, likapozwa, likakaa kontenani wiki kadhaa, hesabu ikasimamishwa katikati. Likifika huku linaamshwa, na kama mtu yeyote aliyeamshwa vibaya, halijui ni saa ngapi. Hata huyo muuzaji aliyenigombeza hajui. Ndiyo maana kaweka kibao.

Ndizi nazo ni hadithi ileile, ila hapo nacheka badala ya kulia. Huku ndizi ni moja. Mwanangu mkubwa alipochora shuleni familia ya matunda, akachora ndizi moja ya njano, mwalimu akampa nyota. Nikamkalisha nikamwambia: kuna mshare wa mtori, ile supu nzito ya ndizi, kuna ndizi ng'ombe, kuna mzuzu wa kukaanga, kuna kisukari unachokula vinne vitano bila kuhesabu, kuna mkono wa tembo ambao mmoja unamshinda mtu. Akaniuliza, "Baba, unatunga?"

Hiyo moja ya njano ni Cavendish. Kabla yake dunia ya meli ilikuwa inakula nyingine, Gros Michel, mpaka ugonjwa wa mnyauko ukafuta mashamba yake katikati ya karne iliyopita, na sasa mnyauko wa aina mpya unaikimbiza hii. Wanaochunguza vinasaba wamekuta kwamba Cavendish ina undugu na mshare wetu. Kwa hiyo ndizi ninayomfungia mtoto kwenye mkoba, iliyotoka Ekwado, ni binamu wa mtori wa bibi yake. Nilipomweleza hivyo aliniangalia kwa huruma.

Hata hivyo, ninyi mliobaki nanyi mna kesi. Shangazi yangu wa Njiro kanitumia picha wiki hii, kajivunia kweli: nyanya nne kwenye trei ya povu, zimefungwa nailoni, kazinunua supamaketi. Getini kwake pale kuna mama ana fungu la nyanya la mia tano, zimechumwa alfajiri. Shangazi huyohuyo nimemshuhudia akimshusha yule mama mpaka mia tatu, halafu anaomba nyongeza, halafu anasema karoti mbona ndogo. Kule kwenye trei kalipa bei iliyobandikwa na akasema asante. Shangazi, nakupenda, lakini niambie ile trei ilikupa nyongeza gani.

Na matufaa je? Mgonjwa akilazwa tunampelekea matufaa ya Afrika Kusini, kila moja na stika yake, kwa heshima zote, na njiani tumeyaruka mapera. Poland ndiyo inaongoza kwa kuvuna matufaa katika Umoja wa Ulaya. Septemba jirani yangu ananigongea mlango na ndoo, ananibembeleza nimpunguzie, bustanini kwake yanaozea chini. Nikamwambia kwetu hili ni tunda la mgonjwa. Nikampigia mama kumsimulia kuhusu zloti sita, akasema, "Maparachichi? Huku tunawapa nguruwe." Ningeweza kuwakutanisha hawa wawili nikae pembeni tu.

Kuna mtu atasema ninapamba umaskini. Huyu ndiye ninayemwogopa, kwa sababu nusu ya anayosema ni kweli. Anasema: yule mama wa Tengeru hakuulizi "ya leo au ya kesho" kwa sababu ana hekima, anakuuliza kwa sababu hana friji. Lisiloondoka leo ni hasara yake. Ameamka saa kumi, kapanda Hiace na gunia miguuni, masika tope linafika kwenye vifundo, na mgambo anapita na miguu yake juu ya beseni la mtu. Kujua siku ya parachichi ni ujuzi wa mtu ambaye hawezi kulisubirisha.

Sawa. Baba yangu mdogo alilima nyanya Ngarenanyuki. Mwaka mmoja ziliiva zote pamoja na za kila mtu, dalali akaja akatazama, akataja bei ya tenga ambayo haikutosha kununua tenga lenyewe. Ng'ombe walikula nyanya wiki mbili. Nilikuwa darasa la sita, nakumbuka maziwa yalivyokuwa na watu walivyokuwa wanacheka bila kucheka. Kwa hiyo usinifundishe mimi kuhusu friji. Vijijini sasa watu wanang'oa miti ya zamani, yale maparachichi makubwa ya kijani ya kienyeji, wanapanda Hass kwa sababu ina mnunuzi, na mimi siwezi kumnyooshea mtu kidole kwa kutaka ada ya mtoto. Labda lile langu la zloti sita limesomesha mtu. Natumaini.

Ila ukishampa yule mama friji, na ninataka apewe, hata kesho, naomba asiache kuuliza. Friji ya huku ni kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa, na bado parachichi lilinifia mikononi. Baridi inajua kusimamisha siku. Kuitambua siku yenyewe, hapana, hiyo ni kazi ya kiganja.

Haya, kabla hamjanivamia, habari njema. Binamu yangu anakuja mwezi ujao na nilitaka aniletee maparachichi ya Tengeru kwenye gazeti. Nikaangalia sheria. Tangu Desemba 2019, abiria anayeingia Umoja wa Ulaya haruhusiwi kubeba tunda wala mboga bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, tende, doriani na ndizi. Parachichi hakuna. Ndizi ipo! Nilisoma mara mbili. Mshare unaruhusiwa.

Nikampigia mama palepale. Kwanza alicheka, kwamba nimekaa Ulaya miaka tisa naagiza ndizi. Kisha akanyamaza, nikasikia anatoka nje, mlango wa nyuma unalia vilevile kama zamani, na jogoo.

"Anaondoka lini?"

"Alhamisi jioni, mama."

"Anafika lini huko?"

"Ijumaa mchana. Lakini anashukia kwa rafiki yake Warszawa, mimi nitazifuata Jumamosi."

"Mtori unapika siku hiyohiyo au Jumapili?"

Nikasema sijajua, labda Jumapili, watoto wakiwa nyumbani.

"Sema vizuri, baba, nimesimama hapa migombani. Nijue nakata mkungu upi."