KUKA na Midea: Ujerumani iliuza nini hasa?

Mwaka 2016 Midea ya China, kampuni inayojulikana kwa viyoyozi, friji na majiko ya umeme ya kupikia wali, ilisema inataka kuinunua KUKA, kampuni ya kutengeneza roboti za viwandani ya Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Wapo waliosema nchi inamuuzia muuza friji kito chake. Wengine waliona ni biashara kama biashara nyingine. Miaka imepita, na bado mjadala huo unarudi kila Mchina anapobisha hodi kwenye kiwanda cha Ulaya.

KUKA si ya juzi. Ilianza 1898 na taa za gesi ya asetilini, ikahamia kwenye uchomeleaji, na mwaka 1973 ikatoa Famulus, roboti ya viwandani yenye maungio sita, yote yakiendeshwa kwa mota za umeme. Ili kuelewa jazba ya wapinzani, itazame mikono yake ya rangi ya machungwa ikichomelea bodi za magari. Mkono unainama, unapenyeza koleo kwenye uwazi wa mlango, unabana mabati mawili, cheche zinaruka, unachomoka na kuhamia pembeni kidogo. Rudi mwisho wa zamu, utaukuta ukigusa palepale, bila kupotea hata milimita moja. Aliyeufundisha ni fundi mwenye kidude cha skrini mkononi, aliyeusogeza polepole na kuhifadhi kila pointi. Kazi hiyo huwezi kuijua kwa kununua roboti moja na kuifungua nati.

Kwa hiyo hofu ya ufundi huo kuhamia China ilikuwa na msingi. Sigmar Gabriel, waziri wa uchumi wa wakati huo, alitamani ajitokeze mnunuzi wa Ulaya. Hakujitokeza. Midea ilitoa euro 115 kwa hisa, na kampuni ya Voith, ya Wajerumani haohao, ikauza asilimia 25.1 iliyokuwa nayo na kuondoka na takriban euro bilioni 1.2. Hapo hoja ya uzalendo inaanza kupwaya. Mpaka mauzo yanakamilika, Midea ilikuwa na karibu asilimia 95.

Wenye wasiwasi walikuwa na la kusema baadaye pia. Midea ilikuwa imeahidi kulinda makao makuu na ajira za Augsburg hadi mwisho wa 2023. Till Reuter, bosi aliyeupigia debe mpango huo, aliondoka mwishoni mwa 2018. Mwaka uliofuata zikatangazwa nafasi 350 za kupunguzwa hapohapo Augsburg. Mwaka 2022 kampuni ikatolewa kwenye soko la hisa, na wanahisa wadogo wakalipwa chao wakaenda zao.

Lakini tuwe wakweli: kilichoibana KUKA katika miaka ile kilikuwa pia kupungua kwa oda kutoka viwanda vya magari, na hilo lingempata mmiliki yeyote. Halafu kuna suala la soko. Tangu 2021, zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani zinazofungwa duniani kila mwaka zinafungwa China. Muuza roboti asiyekuwa na mguu kule anamuuzia nani?

Na ile “siri” yenyewe haikuwa yote Augsburg. Gia nyeti za kwenye maungio ya roboti, zile zinazouwezesha mkono kusimama bila kutikisika, kwa miaka mingi zimetawaliwa na Wajapani kama Nabtesco, wanaowauzia watengenezaji wengi. Isitoshe, kampuni za China zisizohusiana na KUKA, kama Estun na Inovance, zimekua kwa kasi. Mwaka 2024 watengenezaji wa China waliwapita wageni kwa mauzo ya roboti nyumbani kwao. Hata mauzo yangezuiwa, naamini hilo lingetokea tu, labda kwa kuchelewa kidogo.

Ninachoilaumu serikali ya Berlin ni kuingia mchezoni mikono mitupu, ikiwa na maneno ya waziri tu. Kanuni za kukagua wanunuzi wa kigeni ilizikaza mwaka 2017, KUKA ikiwa imeshauzwa. Hata hivyo, kanuni hizo zingekuwepo mapema zingeweza kumzuia Midea, ila zisingemlazimisha Mjerumani yeyote kutoa euro 115.