Aliyeishika nguo mkononi ndiye ajibu

Julai ya Nairobi ina baridi ya kupenya mifupa, na mwezi huo koti huuzika upesi. Mwaka jana nilinunua moja kwa simu, la mtumba, kwa shilingi 1,200, na 200 nikampa mtu wa boda aliyelileta. Kwenye picha lilipendeza: la kahawia, limetundikwa mbele ya pazia jeupe. Nilipolivaa, zipu ilipanda hadi kifuani ikakwama. Meno matatu yalikuwa yameng'oka. Nikamwandikia muuzaji, naye akanijibu kwa maneno yaleyale yanayobandikwa ukutani kwenye stoli za mjini: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipoandika tena nikakuta nimeblokiwa.

Kama ningeandika siku hiyo, ningeandika matusi. Lakini hapa Umoja, ghorofa ya juu yangu, anaishi mama anayeuza mitumba kwa njia hiyohiyo, na yeye ndiye aliyenifanya nisikilize upande wa pili.

Saa kumi na moja alfajiri mama huyu huwa tayari yuko Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, akisubiri beli zifunguliwe. Beli moja ya kawaida ina kilo 45, imebanwa kwa mikanda, na mwenye kuinunua hajui kilichomo mpaka aikate. Anaweza kuibuka na nguo za maana, anaweza kuibuka na hasara, na hakuna wa kumrudishia. Wanaochagua mwanzo huondoka na kamera, yaani zile nguo safi zinazokaribia mpya. Wengine hufuata kwa zamu, na mwisho kabisa hubaki fagia. Jirani yangu huchagua kamera na kuilipia bei ya kamera. Akifika nyumbani anafua, anapiga pasi, anapiga picha dirishani kabla jua halijahama. Kisha simu inaanza. Huyu anauliza bei na kunyamaza. Yule anasema "niwekee, nalipa Ijumaa", na Ijumaa hapokei simu.

Kuna gauni moja nililoliona kwa macho yangu. Mteja alilichukua Ijumaa, akalirudisha Jumatatu akidai limembana. Kwenye kola palikuwa na alama ya poda ya uso, na kitambaa kizima kilinuka moshi wa nyama choma. Gauni lile lilikuwa limeenda sherehe. Wapo pia wanaolipa kwa M-Pesa, wanapokea mzigo, halafu wanatuma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, wakidai pesa zilikwenda kwa mtu asiye wao. Njia hiyo iliwekwa kumwokoa aliyekosea namba. Anayeitumia baada ya kupokea nguo ni mwizi, na sioni neno la upole zaidi la kumwita.

Kwa hiyo ninaelewa neno "hairudishwi" limetoka wapi. Mama huyu alianza biashara hii mwaka 2020, mwaka ambao serikali ilizuia mitumba kuingia nchini kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, na bei ya kila kilichokuwepo ikapanda. Akipoteza nguo moja, ni faida ya siku mbili imekwenda. Tena mtumba hauna pacha. Duka la nguo mpya litakubadilishia shati lenye doa kwa jingine kama lile. Yeye alikuwa na lile moja tu.

Hata hivyo, tangazo la ukutani halifuti sheria. Katiba, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile Sura ya 31, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Na ndani ya sheria hiyo mna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ugomvi huu wote: mnunuzi aliyekikagua kitu mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kumwonyesha. Gikomba unaligeuza koti nje ndani, unavuta zipu, unanusa kwapa, unalitazama juani. Usipoiona kasoro, uzembe ni wako. Mimi wa kwenye simu nilipewa picha mbili na pazia. Mikono iliyolikagua koti lile ni ya muuzaji peke yake.

Ndiyo maana siridhiki na ile hoja ya "kwa bei hiyo ulitarajia nini?" Fagia huuzwa kama fagia, na sijamsikia mtu akigombana kwa blauzi ya shilingi 50 yenye tundu. Bei ya chini inasamehe kasoro iliyotajwa. Ningeambiwa zipu imekufa, ningetoa 900 na kulipeleka kwa fundi bila kinyongo.

Saizi ni habari nyingine, na hapa wanunuzi wenzangu hawatanipenda. Gauni lililoandikwa 12 kutoka Uingereza linakaribiana na 8 ya Marekani, na yote mawili huanikwa kwenye kamba moja. Nguo nyingine imefuliwa mara nyingi hata ikasinyaa. Namba ya kwenye lebo haiaminiki. Muuzaji akikupa inchi za kifua, kiuno na urefu, nawe usijipime, mzigo ni wako kwenda na kurudi, nauli ya boda ikiwemo. Lakini akikuhakikishia "itakutosha tu, dada" bila kugusa tepu, basi hayo ni maelezo yake, na ayajibu. Kasoro aliyoiona akanyamaza, arudishe pesa yote pamoja na nauli zote mbili. Mteja aliyebadili nia tu hana anachodai.

Mtu atasema kuna mahakama. Ni kweli, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Kwa koti la 1,200, ukiondoka kazini nusu siku na kupanda matatu hadi mjini, umeshapata hasara kabla ya kuitwa jina. Ugomvi huu utamalizwa na wenyewe, kabla pesa haijatumwa.

Jirani yangu ameanza. Sasa kabla ya kupokea hata shilingi anarekodi video fupi: zipu inapanda na kushuka, kwapa linafunuliwa, kola inageuzwa, tepu inalazwa kifuani na namba inasomeka. Doa likiwepo analiwekea kidole. Mteja akijibu "sawa" ndipo anatoa namba ya kulipia. Ananiambia kelele za kasoro na saizi zimepungua sana.

Iliyobaki ni rangi. Wiki iliyopita mteja alikataa sketi mlangoni, akisema aliona kijani kibichi na ameletewa ya samawati. Niliitwa niamue. Nikaitazama chini ya taa ya ngazini nikaona kijani, nikatoka nayo nje nikaona samawati. Mtu wa boda alikuwa amewasha pikipiki, akiuliza nani anamlipa.