Vizibo Tisa Juu ya Benchi

Kijiweni Kariakoo, karibu na wacheza drafti, niliazima vizibo tisa nikavipanga tatu kwa tatu. Nikamwambia rafiki yangu, mwalimu wa fizikia: geuza utakavyo, ila kila mstari wa kulala uwe na vizibo vya kifudifudi kwa idadi shufwa. Mistari ya kusimama, miwili shufwa, wa mwisho witiri. Kahawa ikapoa mkononi. Haiwezekani, maana jumla ileile itatoka shufwa ukihesabu huku, witiri ukihesabu kule.

Hili ndilo jedwali la Mermin na Peres la mwaka 1990. Watenganishe wachezaji wawili, mmoja aulizwe mstari wa kulala, mwenzake wa kusimama, kila mmoja atimize sharti la mstari wake, na majibu yakubaliane pale mistari inapokutana. Kwa ujanja wa kawaida hawavuki ushindi wa mara 8 kati ya 9. Wakigawana jozi mbili za chembe zilizofungamana kikwantamu, yaani ambazo vipimo vyake huoana hata zikiwa mbali, hawashindwi kamwe.

Nadharia ya makundi, tawi la hisabati linalochunguza kanuni za kuzidisha vitu visivyo lazima viwe namba, huingia hapa. Kila kizibo huwa kipimo kinachojifuta kikirudiwa, na vipimo vya mstari mmoja havisumbuani, yaani kipi kianze si kitu. Hapo huzaliwa kundi, na hatima ya mchezo hutegemea kama alama moja ndani yake, J, inayosimama badala ya −1, ni sawa na 1: ikiwa sawa, ushindi wa kila mara hauwezekani. Mwanahisabati William Slofstra alithibitisha kwamba hakuna programu ya kompyuta inayoweza kujibu swali hilo kwa majedwali yote.

“Hesabu za hewani hizo,” mwalimu akasema. Maabara ina makosa ya vipimo. Itatofautishaje kisicho na ukomo na namba kubwa tu? Kwa tokeo jingine la Slofstra, kwamba seti ya mahusiano ya kikwantamu, yaani ya mifumo yote ya majibu ambayo wachezaji wa kikwantamu wanaweza kutoa, haijafungwa, maana baadhi ya kingo zake hazimo ndani yake, nampa haki yake: ukingo ukikosekana, unaukaribia utakavyo, na hakuna mashine itakayogundua.

Ila mwaka 2020 watafiti Ji, Natarajan, Vidick, Wright na Yuen walionyesha kwamba modeli mbili, ile ya kila mchezaji na chumba chake cha kihisabati na ile inayotaka tu vipimo vya wawili visisumbuane, zinaachana kwa pengo halisi katika nafasi ya kushinda. Pengo, kinadharia, hupimika. Hapo hoja ya mwalimu inapwaya.

Yangu nayo ina tundu: mchezo unaolionyesha pengo hilo ni mkubwa kupita kiasi, na hata ungejengwa, sijui fizikia gani ingefuata modeli ya pili. Nilikuwa naanza kumweleza hivyo, wenye drafti wakadai vizibo vyao.