Kikohozi cha Nyuma ya Ukuta

Bibi jirani yetu hapa Mkomani alikohoa siku nne kabla hajafariki. Nakumbuka ni nne kwa sababu nilikuwa nikimsikia. Lamu imejengwa hivyo: vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na ukuta wangu ndio ukuta wake. Kila nikienda msikitini nilijiambia, nikirudi nitapiga hodi. Nikirudi nikakuta mlango umerudishwa, nikawaza kwamba binti wa nyumba ya pili humpelekea chakula. Binti naye, nilikuja kujua baadaye, alidhani kinatoka kwetu.

Siku ya tano likatolewa tangazo msikitini. Saa moja haikupita, kichochoro kimejaa. Waoshaji wakafika, sanda ikaletwa, vijana wakenda kuchimba kaburi, wanawake wakashika jikoni. Tukamzika baada ya alasiri na hapana lililopungua. Nilipopokea jeneza begani lilikuwa jepesi mno. Wepesi ule ninao mpaka leo.

Hadithi inayotaja haki za Muislamu kwa mwenzake imeweka pamoja kumtembelea mgonjwa na kusindikiza jeneza. Ya pili tuliitimiza sote. Ya kwanza hakuitimiza hata mmoja wetu, na tulikuwa watu wale wale.

Wazee wetu pale kwenye daka, baraza la mlangoni, husema imani imepungua. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Kama imani imepungua, lile jeneza lilibebwa na nani? Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alishikilia kwamba hakuna atendaye baya hali analijua jema. Mimi nilikuwa nikilijua, na kikohozi nilikisikia. Anayenieleza mimi vizuri zaidi ni utafiti wa wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, uliotoka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari wa Princeton, Marekani, baadhi yao wakienda kuhutubu juu ya kisa cha Injili cha Msamaria mwema, msafiri aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani, wakawapitisha njiani palipokuwa na mtu ameinama akikohoa na kuugua. Walioambiwa wamechelewa sana, waliosimama kumsaidia ni asilimia 10 tu. Waliokuwa na nafasi ni asilimia 63. Kisa walichokuwa nacho kichwani hakikuleta tofauti ya maana. Niliposoma habari hiyo nilifunga simu, maana hata kikohozi kilikuwa kile kile.

Hotuba nyingine ya wema wa jirani, basi, haitatufaa sana. Tumezisikia na tunazipenda. Kumzika maiti ni fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Inatimia kwa sababu ina mpango. Kuna anayetangaza, kuna anayejulikana kuwa ndiye muoshaji, na kila mtu anajua wa kumuuliza. Mgonjwa hatangaziwi. Kila mmoja wetu anamuachia mwenzake, na moyo unatulia kabisa, kwa kuwa mji umejaa watu wema na bila shaka mmoja wao amekwenda. Huo utulivu ndio ninaouogopa. Mtu mbaya angalau anajua kwamba hakwenda.

Ninachodai ni kidogo: mtaa ujue wagonjwa na wazee wake wanaoishi peke yao, na kila nyumba ipewe siku yake kwa jina. Asiseme mtu "tutamuangalia". Atajwe nani, na siku gani.

Kwetu tumeanza na mzee mmoja karibu na kisima, asiyeona vizuri. Jumatano ni yangu. Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri, vichochoro vikawa mito, na nilikuwa na kazi ya kumaliza. Nikachelewa, lakini nikenda. Nilimkuta ameketi karibu na mlango, akaniuliza kabla sijatoa salamu, "Mwanangu, leo si Jumatano?"