Penalti si bahati nasibu

Agosti 2025, Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walipotolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani, mashabiki wengi tulijifariji kwa kauli tuliyoizoea, kwamba penalti ni bahati nasibu. Mimi siikubali kauli hiyo, na naona imekuwa kisingizio cha mabenchi ya ufundi kutofanya kazi ambayo ni sehemu ya wajibu wao.

Mpira umetulia mita 11 kutoka langoni, lango lenyewe lina upana wa mita 7.32, na hakuna beki wa kuzuia njia. Mchezaji anayekosa penalti mbele ya watu elfu arobaini ni yuleyule aliyefunga kumi mfululizo mazoezini, kwa mguu uleule. Kinachobadilika ni akili: anapotembea peke yake takriban mita 40 kutoka mstari wa kati, huacha kufikiria atakachofanya na kuanza kufikiria kitakachompata akikosa. Pumzi inakuwa fupi, macho yanamkwepa kipa, na kipyenga kikilia anakimbilia mpira ili aondokane na mateso hayo haraka. Geir Jordet, mtafiti wa Norwei aliyechunguza mikwaju ya mashindano makubwa kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba haraka ya namna hiyo huenda sambamba na kukosa.

Uingereza walilijua hilo kwa uchungu. Walitolewa kwa penalti mwaka 1990, 1996, 1998, 2004, 2006 na 2012, na aliyekosa mkwaju wao wa mwisho mwaka 1996 alikuwa Gareth Southgate. Alipokuwa kocha, aliwaandaa wachezaji wake kwa miezi kadhaa kabla ya Kombe la Dunia la 2018, akiwafundisha kutoharakishwa na mtu yeyote, na wakaitoa Kolombia kwa mikwaju 4-3. Ni kweli kwamba miaka mitatu baadaye walifungwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya, kwa hiyo sidai kwamba maandalizi ni dawa ya kila kitu. Ila siku hiyo Rashford na Sancho waliingizwa dakika za mwisho kabisa kwa ajili ya kupiga penalti, hawajagusa mpira wa maana, na wote wawili wakakosa. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa la benchi kabla ya kuwa la wapigaji.

Wa kuigwa zaidi kwetu ni Sadio Mané, mshambuliaji wa Senegali. Katika fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pale Yaoundé, Februari 2022, kipa wa Misri alimpangulia penalti dakika za mwanzo. Baada ya dakika 120 alirudi kupiga mkwaju wa mwisho dhidi ya kipa huyohuyo, akafunga, na Senegali ikatwaa kombe lake la kwanza.

Kwetu, maandalizi ya akili mara nyingi ni hotuba kali kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kiongozi anayeahidi donge nono kwa kila goli. Nina shaka kubwa na ahadi hizo zinapotolewa saa chache kabla ya mechi, kwa sababu zinamwongezea mpigaji jambo la kuwaza wakati anahitaji kupunguziwa.

Klabu isiyo na fedha za kuajiri mwanasaikolojia wa michezo bado ina dakika 15 za mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka. Wachezaji wapangwe mstari wa kati, watembee mmoja mmoja huku wenzao wakizomea, kila mmoja akiwa amechagua kona kabla ya kuuweka mpira chini, na baada ya kipyenga avute pumzi moja ndefu ndipo aanze kukimbia. Kila mmoja apige mara moja tu, na aliyekosa asipewe mpira wa pili, hata akiomba.